Televisheni Iliyozimwa Bado Ina Umeme



Katika vijiji ninavyopita kukagua madarasa, bado ninaona televisheni za zamani, zile za chogo. Zikiharibika, wenyewe hutaka kuzifungua nyumbani. Wanasema, "Waya nimekwisha chomoa. Hatari iko wapi?" Swali hilo ni zuri. Jibu lake linaweza kuokoa maisha.

Fikiri juu ya mtungi. Ukiacha kuteka maji kisimani, mtungi haukauki siku hiyo. Maji yaliyomo hubaki. Kioo cha televisheni ya chogo ni kama mtungi huo. Umeme wa majumbani hapa Tanzania ni wa volti 230. Lakini televisheni ya rangi huuongeza mpaka volti 20,000 au zaidi. Umeme huo hukaa kwenye kioo chenyewe. Unaweza kubaki humo kwa saa nyingi, hata siku kadhaa, baada ya waya kuchomolewa.

Nilimtazama fundi mmoja akifanya kazi. Alichomoa waya, akavua saa na pete, akavaa miwani. Alikuwa na bisibisi bapa yenye mpini mzima usiopitisha umeme. Alifunga waya kwenye chuma cha bisibisi. Ncha ya pili ya waya aliibana kwenye waya mtupu unaozunguka mgongo wa kioo. Mkono mmoja akauweka nyuma, ili umeme usipite kifuani kutoka mkono hadi mkono. Kisha akapenyeza bisibisi chini ya kofia ya mpira iliyo juu ya kioo. Tukasikia, "Ta!" Umeme ulikuwa umetoka.

Lakini hakushika kitu. Alingoja dakika chache, akarudia. Akanieleza kuwa umeme kidogo hujikusanya tena. Halafu akapima kapasita kubwa kwa mita, maana nayo hutunza umeme.

Kazi hiyo ni ya fundi aliyefundishwa. Kazi yetu mimi na wewe ni hii: tusifungue kifuniko, na tusiwaachie watoto televisheni mbovu wachezee. Kioo chake kikivunjika, vipande huruka kwa nguvu, kwa sababu ndani hamna hewa.

Ukipeleka televisheni kwa fundi, mwulize, "Umeme wa kwenye kioo unautoaje?" Akishindwa kujibu, chukua televisheni yako, utafute fundi mwingine.

Maswali
1. Kwa nini kuchomoa waya hakutoshi?
2. Kwa nini fundi alirudia kutoa umeme?