Kukifuata Kivumishi Hadi Bath

Safari yangu ya kwanza Uingereza niliipanga kwa ajili ya neno nice. Shuleni Tanga tulifundishwa kuwa maana yake ni "zuri", tukapita. Baadaye nikasoma Northanger Abbey, riwaya ya Jane Austen iliyotoka mwishoni mwa 1817, miezi michache baada ya mwandishi kufariki. Humo kijana Henry Tilney anamtania Catherine Morland kwa kukisifu kitabu kwa neno hilo. Anadai kwamba asili yake lilihusu unadhifu na uungwana, ila siku hizi watu wanalibandika kwenye kila kitu. Wanabishana hivyo wakitembea Beechen Cliff, kilima kilicho juu ya mji wa Bath. Nikataka kukipanda.

Nilichukua treni Paddington, London. Kabla ya Bath reli inapenya handaki la Box, karibu kilomita 3, kazi ya mhandisi Isambard Kingdom Brunel iliyofunguliwa 1841. Bibi aliyeketi mbele yangu alivua koti akasema humo ndani ni nice and warm. Hapo nice haikusimama peke yake. Ilipima joto: la kutosha, la kumkalisha mtu raha.

Mjini nilianzia Pump Room, ukumbi wa chai ulio jirani na mabafu ya Warumi. Maji ya chemchemi hutoka ardhini yakiwa na nyuzijoto kama 46. Niliyoonja yalikuwa vuguvugu, yenye ladha nzito ya madini. Jamaa mmoja kando yangu alimeza funda, akakunja uso, akamwambia mkewe, "Nice." Mke akacheka, gilasi yake akaiacha palepale mezani.

Kwenye nyumba ya wageni mwenyeji aliniuliza nimefuata nini Bath. Nikamweleza habari za riwaya na kilima. "That's nice," akajibu kwa upole, akanikabidhi ufunguo. Nikaelewa kuwa maongezi yamekwisha.

Asubuhi nilipanda ngazi ndefu ziitwazo Jacob's Ladder. Juu, mji wote ulikuwa chini yangu: kanisa la Abbey, nyumba za mawe ya rangi ya asali, na ule upinde wa Royal Crescent, nyumba 30 zilizojengwa kati ya 1767 na 1774. Kwenye benchi alikuwepo mzee mmoja, wakili mstaafu. Akaniambia kuwa mahakamani a nice point ni hoja nyembamba, inayohitaji jicho kali kuitenga na nyingine.

Maana hiyo ya wakili iko karibu na ile aliyoitetea Tilney, lakini haikuwa ya kwanza. Neno lilitoka kwenye Kilatini nescius, yaani asiyejua, likapitia Kifaransa, na lilipoingia Kiingereza miaka ya 1300 lilimaanisha mpumbavu. Kisha likawa la mtu mchaguzi, kisha la jambo la umakini, na katika karne ya 18 likawa la kupendeza. Tilney alililinda neno likiwa katika umri wake wa kati, akidhani ndio utoto wake. Wazee wetu wanaonung'unika kwamba poa ni ya chai na homa, si ya kujibu salamu, wana mwenzao Beechen Cliff.