Biskuti za oti za nyumbani, ila mdogo apewe chakula kwanza

JULAI mjini Makambako ni mwezi wa makoti, soksi na chai ya moto. Kwenye njia panda ya Mbeya na Songea kila kibanda kina pakiti za biskuti za bei ndogo, na kwa wazazi wengi chai na biskuti ndiyo njia rahisi ya kumtuliza mtoto wakati chakula bado kiko jikoni.

Mama mmoja wa watoto wawili mjini humo alikuwa miongoni mwao. Mkubwa ana miaka saba, yuko shule. Mdogo alikuwa na mwaka mmoja na nusu. Kila asubuhi mdogo alipewa biskuti zilizolowekwa kwenye chai, na mchana akageuza uso kila alipoona maharage. Kliniki, muuguzi alimwonyesha mama mstari wa uzito kwenye kadi: miezi mitatu haujapanda.

"Ameshiba chai, mama," muuguzi alimwambia. "Tumbo lake ni dogo. Likijaa chai, yai litaingia wapi?"

Jambo hili ni zito mkoani Njombe. Ni mkoa wa mahindi, viazi, maharage na maparachichi, lakini utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa karibu nusu ya watoto wa chini ya miaka mitano mkoani humo wamedumaa, wakati wastani wa taifa ni asilimia 30. Chakula kipo shambani. Kazi ni kukifikisha kwenye sahani ya mtoto kikiwa mchanganyiko, hasa katika siku 1,000 za kwanza, tangu mimba hadi miaka miwili. Chai nayo hupunguza madini ya chuma ambayo mwili hupata kutoka kwenye maharage na mboga za majani.

Nyumbani, ugumu ulikuwa kwa bibi.

"Mwanangu, mimi nimelea saba kwa chai," alisema. "Leo mjukuu wangu anyimwe biskuti?"

"Hatumnyimi, mama. Tutazioka wenyewe, za kaka yake wa shule. Huyu mdogo tumpe yai lake kwanza."

Oveni hawana, lakini bibi anajua kuokea mkate kwenye sufuria la mchanga. Tangu hapo Jumamosi ni siku yake.

Wanatumia vikombe viwili vya oti, kikombe kimoja cha unga wa ngano, vijiko vinne vya chakula vya sukari, kijiko kidogo cha bekingi pauda, chumvi kidogo, yai moja, ndizi mbivu mbili zilizopondwa, vijiko vinne vya siagi na robo kikombe cha karanga zilizosagwa. Siagi ikipungua, nusu yake hujazwa na parachichi lililopondwa. Oti zikiwa ghali, kikombe kimoja hubadilishwa na unga wa ulezi, nafaka yenye madini mengi ya kalisi.

Vitu vikavu huchanganywa peke yake, vya majimaji peke yake, kisha vyote pamoja. Bibi hutandaza mchanga mkavu kwenye sufuria kubwa, hufunika na kulipasha kwa dakika kumi. Vidonge vilivyobanwa bapa hupangwa kwenye sinia lililopakwa mafuta, linaingizwa, na makaa huwekwa juu ya mfuniko, mengi kuliko ya chini. Baada ya dakika 15 hadi 20 kingo huwa za kahawia. Zikitoka huwa laini na hukazana zikipoa.

Jiko hukaa nje. Kwa baridi ya huku wapo wanaoliingiza ndani na kufunga mlango, lakini mkaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, na huweza kuua watu wakiwa usingizini.

Mkubwa hubeba biskuti mbili shuleni. Mdogo hapewi bado, kwa sababu Shirika la Afya Duniani linashauri watoto wa chini ya miaka miwili wasipewe vyakula vyenye sukari nyingi. Yeye hupata uji wa oti bila sukari, uliochanganywa na ndizi, karanga zilizosagwa laini au parachichi. Karanga nzima hapewi, zinaweza kumkaba. Mchana ni maharage yaliyopondwa na mboga, na yai karibu kila siku. Anaendelea kunyonya.

Wiki ya kwanza alilia, akatema, akaonyesha kidole kwenye chupa ya chai. Bibi ndiye aliyekaa naye kwenye mkeka, kijiko baada ya kijiko, bila kumlazimisha. Miezi miwili baadaye mstari kwenye kadi ulianza kupanda.

Mama hudhani ni yai. Bibi husema ni uvumilivu. Muuguzi aliwaambia waendelee na vyote viwili.