Springi na Mzigo

Mwenye gari hupenda kujua kama kitu alichouziwa kinamtosha. Swali hili ni la haki, kwa sababu gari ni mali ya gharama, na barabara ni mwalimu mkali asiyesamehe kosa la mwanafunzi. Lakini aghalabu swali lenyewe huulizwa kinyume. Mtu huuliza kama springi za kiwandani ni nzuri, wala haulizi zimetakiwa kubeba nini, kwa mwendo gani, na juu ya njia ya namna gani. Uzuri wa springi si kama uzuri wa ua, ambalo hupendeza peke yake shambani. Ni kama uzuri wa kiatu, ambao haujulikani mpaka mguu uingie ndani yake.

Alikuwako mtu mmoja katika mji wa Arusha aliyenunua Toyota Land Cruiser ya aina iliyoanza kutengenezwa mwaka 1990, ile yenye ekseli nzima mbele na nyuma, na springi za kuzunguka katika pembe zake zote nne. Gari hilo lilikuwa limekwisha kutumika zaidi ya miaka ishirini mikononi mwa watu wengine. Alilitaka kwa kazi mbili. Kazi ya kwanza ilikuwa kumleta mama yake mzazi hospitali kila baada ya miezi miwili, kutoka kijijini ng'ambo ya Karatu, maana mama huyo alikuwa na maradhi ya mgongo. Kazi ya pili ilikuwa kuteremsha mahindi ya shamba wakati wa mavuno. Kazi moja ilitaka ulaini, na nyingine ilitaka nguvu. Na zote mbili ziliwekwa juu ya springi zile zile.

Gari halikumpendeza. Lilipopakiwa lilikalia mkia, na kwenye kona liliyumba kama jahazi lililoshehenezwa upande mmoja. Likipita shimo moja, lilinesa mara tatu au nne kabla ya kutulia. Mwenye gari alikata shauri kwamba kiwanda kilimpunja. Rafiki yake, aliyejua mambo mengi ya magari kwa kuyasikia, alimthibitishia shauri hilo. "Kaka," alimwambia, "springi za kiwandani ni za barabara ya lami. Weka ngumu, na uliinue gari inchi mbili." Basi zikanunuliwa springi zilizotengenezwa kwa gari linalobeba kilo mia nne nyuma usiku na mchana. Gari likasimama wima kama askari wa gwaride, na kila aliyeliona mtaani alilisifu.

Sifa za mtaani hazibadili kanuni za maumbile. Mwaka 1678 mtaalamu wa Uingereza, Robert Hooke, alitangaza kanuni inayoitawala springi mpaka leo: kadiri nguvu inavyoongezwa, ndivyo springi inavyosogea kwa kipimo kile kile. Springi inayoshuka sentimeta kumi chini ya kilo mia nne, itashuka sentimeta mbili na nusu tu chini ya kilo mia moja. Kwa hiyo iliyofaa kwa mzigo mkubwa huwa karibu na gogo kwa mzigo mdogo. Tena springi haiui pigo la barabara. Hulikopa, kisha hulirudisha. Anayelipa deni hilo ni mwenzake, ambaye mafundi humwita shokapu. Shokapu huyasukuma mafuta katika vitundu vyembamba, na kwa kazi hiyo mnyeso wa gari hugeuka kuwa joto. Springi bila shokapu ni mkopaji asiye na mdhamini: gari hunesa na kunesa, na gurudumu huiacha ardhi wakati dereva anapolihitaji mno.

Safari ya kwanza ya springi mpya ilikuwa ya hospitali. Ndani ya gari walikuwamo watu watatu tu, na springi zilizongojea kilo mia nne hazikupata cha kuzishawishi zijikunje. Kila jiwe la njia lilipita katika chuma, likapita katika kiti, likafika mgongoni mwa mgonjwa. Walipofika Karatu na kuikanyaga lami, mama alivuta pumzi akasema, "Mwanangu, gari lako la zamani lilikuwa mzee aliyechoka, lakini lilikuwa na huruma. Hili ni kijana mwenye nguvu asiye na adabu." Mwanawe alicheka, akadhani ni maneno ya uzee. Ilipowadia safari ya pili, mama alituma salamu kwamba mgongo umepata nafuu, na hana haja ya kwenda hospitali. Mwana alijua kwamba habari hiyo haikuwa ya kweli.

Onyo la pili lilikuja wakati wa mavuno. Katika siku za springi kuukuu, alizoea kupakia magunia matano ya mahindi, kisha akaacha, maana mkia wa gari ulikuwa umeshuka na taa za mbele zimetazama mbinguni. Mkia huo ndio uliokuwa mizani yake, ingawa hakujua. Sasa alipakia matano, gari halikushuka. Akapakia saba, likasimama vile vile. Akamaliza kwa tisa, akafurahi kwamba fedha yake haikwenda bure. Magunia tisa ya kilo mia moja ni kilo mia tisa, bila kuwahesabu watu wawili waliokuwa mbele.

Kutoka Karatu barabara hupanda, kisha huteremka ukuta wa Bonde la Ufa mpaka Mto wa Mbu, na Ziwa Manyara huonekana kwa chini. Mteremko huo ni wa lami nzuri, na uzuri huo una hatari yake. Katikati ya mteremko harufu ya kuungua iliingia dirishani, na pedali ya breki ikaanza kuzama chini ya mguu. Dereva aliingiza gia nzito, gari likaguna kwa maumivu, likapunguza mwendo kidogo kidogo, hata likasimama pembeni. Hakuna aliyeumia. Lakini kwa muda wa saa nzima mtu huyo alikaa juu ya jiwe akingoja breki zipoe, na alikuwa na wasaa wa kutosha kuyatafakari maneno ya rafiki yake.

Alirudi kwa fundi mmoja mzee, mtu asiye na maneno mengi. Springi za kwanza zilikuwa zingali katika pembe ya gereji, pamoja na shokapu zake. Fundi aliziinua moja moja. Springi zilikuwa zimefupika kwa miaka. Shokapu mbili zilikuwa zimevuja mafuta yote, na zikisukumwa kwa mkono ziliingia na kutoka kama bomba tupu. Kisha aliingia uvunguni mwa gari, akaonyesha bushi za mpira zilizopasuka. "Bwana," alisema, "umekihukumu kiwanda kwa ushahidi wa shahidi aliyekufa. Hizi zilitoka kiwandani, lakini si zile zilizotoka kiwandani."

Neno hilo lafaa kufikiriwa na kila mnunuzi wa gari lililotumika. Watu wengi husema springi za kiwandani hazifai, hali hawajapata kuziendesha hata siku moja zikiwa nzima. Wamerithi mabaki yake. Atakaye kutoa hukumu ya haki na aanze kwa kurudisha kila kitu kilichochakaa katika hali yake ya kwanza; ndipo aulize kama kiwanda kilikosea.

Fundi alimwagiza pia kwenye mizani ya kupimia malori, gari likapimwa tupu, kisha likapimwa na mzigo. Tarakimu zililinganishwa na kitabu cha gari, ambamo mtengenezaji ameandika uzito ambao gari na vyote vilivyomo lisiuzidi. Ilidhihirika kwamba magunia matano na watu wawili yalikaribia mpaka, na tisa yaliupita mbali. Mpaka huo haukuwekwa kwa ajili ya springi peke yake. Uliwekwa kwa ajili ya breki, tairi, ekseli na chesisi pia, wala hakuna hata kimoja katika hivyo kilichobadilika siku springi zilipobadilishwa. Springi ngumu haikuliongezea gari haki ya kubeba. Ililikata tu ulimi wa kulalamikia mzigo. Mnyama aliyefungwa mdomo hajapunguziwa uchovu.

Haifai, walakini, kuvuka kutoka kosa moja na kuingia katika jingine, na kusema kwamba kiwanda hakikosei kamwe. Mtengenezaji hamjui mnunuzi. Huchagua springi ya katikati, itakayomvumilia mtu mmoja na kuwavumilia saba, na katikati ni mahali pasipomridhisha mtu yeyote kikamilifu. Historia yaonyesha kwamba kila kiwanda hujibu swali lililoulizwa na wateja wake. Land Rover ya mwaka 1948 ilitengenezwa kwa kazi za shamba, ikapewa springi za bapa, yaani vyuma vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. Range Rover ya mwaka 1970 ilikusudiwa kwa shamba na starehe pamoja, ikapewa springi ndefu za kuzunguka. Na ilipofika mwaka 1983 ulaini huo ulihamia hata katika Land Rover ya kazi. Toyota nayo ilipobadili Land Cruiser zake za kazi mwaka 1999, iliweka springi za kuzunguka mbele na kuacha za bapa nyuma, maana mbele hukaa watu na nyuma hukaa shehena.

Magari ya watalii ya Arusha ni mfano wa haja ya kweli. Mengi hurefushwa chesisi, huwekewa paa la kufunguka, viti vya ziada, jokofu na tangi la pili la mafuta. Mzigo huo hauteremshwi jioni. Umekuwa sehemu ya mwili wa gari. Mwenye gari la namna hiyo akiongeza nguvu ya springi na kubadili shokapu zilingane nazo, hafanyi anasa, bali anatimiza wajibu. Vivyo hivyo kwa aliyefunga chuma kizito mbele na mashine ya kuvutia. Kinyume chake, mwenye gari dogo la aina ya RAV4, ambalo tangu mwaka 1994 limeundwa bila chesisi ya peke yake, asidhani kwamba springi ngumu zitalifanya lori. Wala kuliinua gari si jambo la bure: kila inchi inayoongezwa chini hupandisha uzito juu, na gari lenye uzito juu hupinduka upesi zaidi.

Yako pia makosa ambayo hubebeshwa springi, hali ni ya mguu wa dereva. Barabara ya vumbi itokayo Ngorongoro kwenda lango la Naabi imejulikana kwa miaka mingi kwa mikunjo yake iliyofanana na bati. Mwaka 2007 wataalamu Taberlet, Morris na McElwaine walionyesha kwamba mikunjo ya namna hiyo huzaliwa kwa gurudumu linalopita juu ya mchanga kwa mwendo unaozidi kiasi fulani, hata kama gurudumu halina springi. Basi mwendo ndio unaoifinyanga barabara, na barabara ndiyo inayozipiga springi. Katika mapigo hayo ya mfululizo mafuta ya shokapu hupata moto na kupoteza nguvu, hata yakiwa ya bei kubwa. Tena springi ya kwanza ya gari si ya chuma, bali ni ya upepo. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo huko Belfast, alipata hati ya tairi ya upepo, baada ya kuijaribu katika baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe. Atakayepunguza upepo kidogo kwenye njia mbaya, akaenda polepole, kisha akaurudisha afikapo kwenye lami, atapata ulaini ambao haukuuzwa dukani.

Mtu wa Arusha aliziuza springi zake ngumu. Alinunua nyingine mpya za nguvu ile ile iliyochaguliwa na kiwanda, na shokapu nzuri kuzidi kidogo zile za kwanza, na bushi mpya. Mahindi yake sasa huteremka kwa safari mbili badala ya moja, na gharama ya mafuta aliyoiongeza huiita bima. Hivyo springi za kiwandani zilimtosha, si kwa sababu zilikuwa bora kuliko zote, bali kwa sababu hatimaye alijua uzito wa vitu vyake na thamani ya watu wake. Asiyeyajua mambo hayo mawili hakuna springi itakayomtosha.

Miezi miwili baadaye alikwenda kumchukua mama yake, safari hii bila kungoja salamu. Mama alipanda kwa mashaka, akashika mhimili wa dirisha kwa mikono miwili. Gari lilipita mawe yale yale na mashimo yale yale. Kabla ya kufika Karatu mikono ilikuwa imeachia mhimili, na mwanawe alipogeuka kumwuliza hali ya mgongo, alimkuta amelala.