Fomu Iliyofika Wete Tupu

Nilivuka bahari kwa mara ya kwanza nikiwa na miaka 29, na kilichonivusha ni barua pepe. Mimi ni mzaliwa wa Dodoma. Maji mengi niliyoyajua utotoni ni ya bwawa. Kampuni ninayofanyia kazi Dar es Salaam inauza vipuri vya mashine za boti, na wakala wetu wa Pemba ni mama mmoja mwenye duka Wete. Kila oda yake tulikuwa tukimtumia fomu ya kuthibitisha: namba ya kipuri, idadi, bei, siku ya kusafirishwa, na kitufe cha kukubali. Fomu ile niliitengeneza mwenyewe ndani ya Outlook, nikavipanga visanduku vyake kwa uangalifu. Kwetu ofisini ilifunguka vizuri. Wete ilifika tupu.

Kwa majuma sita jibu lake lilikuwa lile lile: "Hamna kitu humu, tumeni tena." Tukatuma tena, ikafika vile vile. Mwishowe tukawa tunamsomea namba kwa simu naye anaandika. Ndipo ikatoka Dar impela ya pampu ya maji isiyoingia kwenye mashine iliyoagiziwa, na boti ya mvuvi mmoja ikakaa mchangani siku nne bahari ikiwa shwari. Bosi akaniambia nifunge mkoba nikaone kwa macho yangu.

Kutoka Dar hadi Unguja ni kama saa mbili kwa boti ya kasi, na nilizipitisha nimesimama nje, nimeshika chuma. Mkondo wa Nungwi, njiani kuelekea Pemba, ndio ulionikalisha chini. Chombo kilipanda na kushuka, mabaharia wakagawa mifuko ya plastiki, na bibi mmoja aliyekaa pembeni yangu akanipa kipande cha tangawizi bila kuniuliza kitu. Sikumjua, sikumwona tena, namkumbuka mpaka leo.

Tulishuka Mkoani. Sikuwa nimejua kwamba Pemba ni vilima. Nilidhani kisiwa ni tambarare ya mchanga. Gari ilipanda na kushuka katikati ya mikarafuu, na kwa kuwa ulikuwa msimu wa kuchuma, kila penye uwazi kando ya barabara palitandikwa majamvi ya karafuu zinazoanikwa. Mbichi ni za kijani na wekundu wa mbali, juani zinageuka kahawia, na harufu yake inaingia garini kabla hujaziona. Kuanzia Mkoani hadi Chake Chake, na kuanzia Chake hadi Wete, harufu hiyo haikukatika.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Wewe ndiye wa zile barua zisizo na maneno?"

Alinikalisha, akaniletea chai, kisha akaweka mbele yangu vitu viwili: simu yake na daftari la kurasa nyembamba. Kwenye simu nilikiona kwa mara ya kwanza kile alichokuwa akikiona yeye. Kichwa cha habari, jina la kampuni, nafasi nyeupe, na chini yake kiambatisho kinachoitwa winmail.dat. Akakigusa mbele yangu. Simu ikasema haina programu ya kukifungua. Kwenye daftari zilikuwemo namba tulizomsomea, kwa kalamu ya buluu, nyingine zimefutwa na kuandikwa juu. Ile ya impela ilikuwemo. Mwisho wake ni 64. Katika vitabu vya mashine ile ni 46.

Nililitazama daftari lile kwa muda mrefu. Fomu yangu nilikuwa nimeijaribu zaidi ya mara kumi, lakini kila mara nilimtumia mtu wa chumba cha pili.

Nikawasha kompyuta yangu, nikaomba aniingize kwenye barua pepe yake, nikafungua asili ya ujumbe, yaani maandishi ghafi kabla programu haijayapamba. Mstari mmoja ulinitosha: application/ms-tnef. TNEF ni mfuko ambao Outlook na seva ya Exchange hutilia vitu visivyo na mahali pake katika barua pepe ya kawaida. Kanuni za barua pepe za mwaka 1982 zilijua maandishi matupu; MIME ya mwaka 1992 ikafungua njia ya picha na viambatisho; lakini hakuna kanuni inayokijua kisanduku nilichokibuni mimi na kukiita "NambaKipuri". Kwa hiyo kikatiwa mfukoni, na mfuko huo, ukifika kwa mtu asiyetumia Outlook, huitwa winmail.dat.

Kuna jambo ambalo ningetaka kila mtengeneza fomu alijue kabla ya kumtumia mtu wa nje: sura ya fomu haisafiri. Inabaki katika maktaba ya fomu ya ofisi. Ujumbe hubeba jina la fomu tu, pamoja na yale yaliyojazwa, na Outlook ya mfanyakazi mwenzako huliona jina hilo ikaenda maktabani kuichukua. Mama wa Wete hana maktaba yetu. Ipo alama unayoweza kuweka ili fomu ibebwe na ujumbe wenyewe, lakini asiyetumia Outlook haimfai kitu, na hata kwa mwenye nayo, msimbo ulio ndani ya fomu ya namna hiyo huzuiwa kwa ajili ya usalama.

Nikaingia kwa mbali kwenye seva yetu, nikazima TNEF kwa barua zote zinazotoka nje. Nikamwomba mwenzangu wa Dar atume oda ya majaribio. Ikaingia. Mama akaifungua, akanigeuzia simu. Winmail.dat haikuwepo, na maneno pia hayakuwepo. Nilikuwa nimeutupa mfuko na vilivyomo.

Jioni ilikuwa imeingia na wateja wake walikuwa wakija kununua oili na plagi. Nilikaa nyuma ya kaunta, nikaifungua fomu kwa mbali, nikaandika katika msimbo wake agizo moja zaidi: mtu akibonyeza kutuma, kila kilichomo visandukuni kinakiliwe kwanza kwenye mwili wa barua, kwa maandishi ya kawaida, mstari kwa mstari. Ofisini visanduku vibaki kama vilivyo. Nje yaende maneno.

Kitufe cha kukubali nilikiondoa. Atajibu "Ndiyo", nasi tutajua.

Oda ya pili ilipoingia, aliisoma kwa sauti, kidole chake kikifuata namba daftarini. "Nne, sita," akasema, akarudia. Akachukua kalamu, akaikata 64 kwa mstari mmoja, akaandika pembeni. Kisha akampigia mvuvi, akamwambia kipuri sahihi kinatoka Dar kesho, akamtajia namba yote na kumtaka airudie.

Usiku nililala kwa jamaa zake. Asubuhi, kabla sijapanda gari ya Mkoani, aliniita tena dukani. Alikuwa ameifungua barua ile ile.

"Bei umeiweka chini kabisa, mwanangu. Ipandishe. Mvuvi akija hapa huanza kuuliza hiyo."

Nikakaa tena kwenye kiti kile, nikaipandisha bei juu ya siku ya kusafirishwa, nikaomba Dar watume mara nyingine. Gari ilikuwa ikipiga honi nje. Tukasubiri pamoja mpaka simu yake ikalia.