Miti kwa Wasio na Kaburi

Usiku wa kuamkia Jumamosi, tarehe 10 Septemba, 2011, meli ya MV Spice Islander I ilizama katika mkondo wa Nungwi ikiwa safarini kutoka Unguja kuelekea Pemba. Maiti zaidi ya 200 zilipatikana, na baadhi zikazikwa Kama. Tume iliyochunguza msiba ule ilieleza baadaye kwamba watu zaidi ya 1,000 hawakuonekana. Sisi tunaoandika haya ni jamaa wa hao wasioonekana, familia saba za kijiji kimoja cha magharibi ya Pemba.

Kaburi humpa mfiwa kazi ya kufanya. Hupalilia, huzuru, husimama akaomba dua. Kwa watu wetu tuliswali sala ya ghaibu, tukasoma khitma, na masuala ya eda na mirathi tukayapeleka kwa masheikh na kwa kadhi. Hata hivyo, kila Sikukuu, jirani zetu wanapokwenda makaburini baada ya sala ya Idi, sisi hatukuwa na pa kwenda. Tulibaki barazani.

Mzee mmoja wa kijiji alipotoa wakfu kipande cha ardhi juu ya hori, rai ya mwanzo ilikuwa ni kujenga ukuta wa mawe wenye majina. Wazee waliikataa, wakichelea kwamba vizazi vijavyo vitaufanya ukuta huo kuwa mahali pa kuombwa badala ya pahala pa kuombea. Akina mama nao walikuwa na hoja yao: ukuta ukishajengwa haumhitaji mtu tena, nao walitaka kitu cha kutunza. Tukakumbuka mafundisho ya Mtume (s.a.w.) kwamba Muislamu akipanda mti, kisha akala kwao mtu, ndege au mnyama, huandikiwa sadaka. Tukaafikiana kupanda miti, na thawabu zake tuwaombee wao.

Kupanda miti kando ya bahari kunataka mpango. Upande unaopigwa na upepo wa kusi tuliweka safu ya mivinje, kwa kuwa inavumilia chumvi na hukinga kilicho nyuma yake. Chini, ukingoni mwa hori, tukarudishia mikoko iliyokuwa imekatwa, ili ardhi isimomonyoke. Katikati tukapanda mikungu kwa ajili ya kivuli, na mitondoo, mti ambao mafundi wa majahazi wanaujua vyema. Familia moja ilishikilia kupanda mkarafuu, kwani baba yao alikuwa mchumaji hodari. Mkarafuu hauipendi hewa ya chumvi, basi tuliutafutia nafasi nyuma kabisa, kwenye udongo wenye kina, mbali na ufuo.

Jambo lililotushughulisha zaidi lilikuwa ni mwelekeo. Kwetu Pemba Qibla ni kaskazini, na mkondo wa Nungwi uko kusini. Anayeutazama mkondo huipa Qibla mgongo. Tuliamua kuweka mabao mawili ya kukalia upande wa bahari, kisha njia nyembamba ya mchanga inayopita baina ya miti hadi kwenye uwanja mdogo uliofagiliwa, ulioelekea kaskazini. Mtu hukaa kwanza akaitazama bahari kwa kadiri anavyotaka. Akiwa tayari, huinuka, hugeuka, hupita kivulini, akafika mahali pa kuomba dua. Hakuna kuba, hakuna sanamu, hakuna ubani.

Likabaki suala la majina. Familia sita zilikubali kila mti uwe na kibao kidogo chenye jina. Mama wa familia ya saba alikataa. Alisema: "Mimi sijaletewa maiti, wala sikumuosha mwanangu. Simuandiki." Baadhi yetu tulitaka kumshawishi. Kijana wetu mmoja akatueleza habari za kisiwa cha Utøya nchini Norwei, walikouawa watu 69 tarehe 22 Julai, 2011, wiki chache kabla ya msiba wetu. Huko, mahali pa kumbukumbu ni duara kubwa la chuma lililoning'inizwa baina ya misonobari, na majina yamekatwa ndani ya chuma hicho. Lilipofunguliwa mwaka 2015 lilikuwa na majina 60. Familia nyengine hazikuwa tayari, basi nafasi zao ziliachwa tupu, zikiwasubiri.

Nasi tukafanya hivyo. Mti wa saba ni mkungu, na hauna kibao. Mama yule huja kuumwagilia maji mwenyewe, na hakuna anayemuuliza lolote.

Hii ni masika ya tatu tangu tuanze. Mbuzi wametula miche kadhaa, tukapanda mengine na kuizungushia miba. Watoto waliozaliwa baada ya msiba ndio wanaobeba ndoo za maji, na huko njiani huuliza mwenye mti alikuwa nani, alifanya kazi gani, alipenda nini. Siku ya Idi iliyopita tulikuwa na pa kwenda.

Tunawaandikia wasomaji wa kurasa hizi kwa kuwa tunajua tuko wengi, Unguja, Pemba na Bara, tuliopoteza watu majini bila ya kuwazika. Haya hayahitaji fedha nyingi wala kibali cha wakubwa. Yahitaji ardhi iliyotolewa kwa nia safi, miche inayofaa udongo wa mahali, na watu walioridhia kuitunza kwa zamu.

Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba aliyekufa maji ni miongoni mwa mashahidi. Mwenyezi Mungu awapokee hivyo watu wetu, na awape subira wanaowasubiri. Amin.