Kapeti la Gari na Shanga za Shela



Wengi mliokuja kwenye harusi za shamba mwaka huu mmeliona gari letu jeupe lenye mapazia ya waridi, na mmetuuliza: mmelipata wapi, kwa bei gani, na ndani mna nini? Tuliahidi kujibu. Leo tunajibu, pamoja na lile ambalo hamkuuliza.

Sisi ni mtu na dada yake. Tunashona nguo za harusi na tunapamba. Harusi ya mjini haina tabu, tabu iko shamba. Ukiitwa Makunduchi au Nungwi, unafika nyumba imejaa wageni mpaka uani. Biharusi anavalishiwa kwenye stoo ya bibi, kioo ameshikiwa na mtoto, mara mlango unasukumwa na kijana anayetafuta sufuria. Sitara iko wapi hapo? Na kazi ikiisha saa sita za usiku, usafiri hakuna. Tunajibanza kwenye mkeka pamoja na wageni, masanduku ya nguo za watu tumeyaweka vichwani.

Ndipo tukaanza kutazama magari ya kulala, yale yanayoitwa kampa. Wenzetu wa Ulaya na Japani huendea likizo. Wengine hununua basi dogo la kawaida, kama Hiace, wakalitia kitanda, kabati na maji. Sisi hatukutaka likizo. Tulitaka chumba cha kumvalishia mwari, na pa kulala sisi, ndani ya uwanja wa nyumba yao, mlango umefungwa.

Pesa

Tulikuwa na kibubu cha miaka minne na mchezo tulioupokea mara mbili. Havikutosha. Mama akavua bangili zake mbili za dhahabu. Akasema, "Wanangu, hizi nilivalishwa siku yangu. Basi na ziwavalishe wenzenu." Jumla ikawa milioni 19.

Dalali alitwambia tukope kwa riba tupate gari lenye paa refu. Mama hakutaka hata kulisikia neno lenyewe. Tukauliza murabaha, ambapo benki hulinunua gari kwanza, kisha ikakuuzia kwa bei mnayoijua nyote wawili, ukalipa kwa mafungu. Ni njia nzuri kwa mwenye kipato cha kila mwezi. Sisi harusi zetu zina msimu, ipo miezi tunashona sare za skuli tu. Tukaamua kununua kilichomo mkononi.

Kupima

Magari tuliyapima kwa futi yetu ya kushonea, wenye magari wakatucheka. Hiace ya kawaida yenye paa fupi ina urefu wa kama mita 1.98 kwa nje, kwa hiyo ndani mtu mzima hasimami wima. Tukamchukua mtoto wa mjomba, tukamvisha sketi ya ndani yenye waya, tukamzungusha kwenye yadi za magari akiingia na kutoka. Aliona haya mpaka machozi, lakini tulijifunza mengi. Kwenye paa fupi biharusi anaweza kukaa, kutiwa hina, kupambwa uso na kufungwa nywele. Shela la kumwagika lazima alivalie nje, ndani ya kiambaza cha pazia kinachofungwa mlangoni. Tukaona hilo tunaliweza.

Kapeti

Gari la kwanza lilitumaliza. Linang'aa, viti vipya, harufu ya manukato. Dalali akala yamini kwamba halina hata mkwaruzo, na kwamba kuna mtu anakuja kulichukua jioni. Tuliona haya kuonekana wanawake wenye shaka shaka. Tukatoa rubuni laki sita.

Siku ya pili tukaenda na fundi. Alizunguka gari bila kusema kitu, kisha akasema, "Nyanyueni kapeti." Dalali akajibu kwamba limegandishwa kwa gundi, litaharibika. Fundi akalinyanyua mwenyewe. Sakafu ilikuwa imeliwa na kutu, mashimo yamejazwa fila na kupakwa rangi. Alichokonoa kwa bisibisi, tukaiona ardhi.

Rubuni haikurudi. Siku ile mmoja wetu alikaa barazani mpaka magharibi akifikiria bangili ya Mama, na mwengine hakuwa na la kumwambia.

Mama ndiye aliyetukumbusha kisa cha Mtume (S.A.W.) alipopita sokoni, akatia mkono kwenye rundo la chakula, akakuta chini ni majimaji. Muuzaji akasema kimepigwa na mvua. Akamuuliza kwa nini hakukiweka juu watu wakaona, na akaonya kuwa mwenye kughushi si katika sisi. Tulilia. Mkono ule kwenye rundo, kwetu ulikuwa mkono wa fundi chini ya kapeti.

Gari tulilonunua hatimaye lilikuwa la mwalimu mstaafu aliyekuwa akipeleka watoto skuli. Hatujauliza, akaanza mwenyewe: "Wanangu, mlango wa ubavuni unakwama, gia boksi inavuja mafuta, na nyuma liliwahi kugongwa. Litazameni." Fundi alikuta hayo hayo matatu, hakukuta la nne. Tulilipa milioni 15 na nusu. Zilizobaki zikatengeneza gia boksi, benchi linalokunjuka likawa kitanda, kioo kirefu, feni, na dumu la lita 40 la maji ya udhu. Mapazia na magodoro tumeshona wenyewe.

Dada, kabla hujatoa pesa

Nenda na fundi wako, si wa muuzaji. Nyanyua kapeti, tazama chini ya gari na kwenye kingo za milango, maana chumvi ya bahari haina huruma na bati. Kama gari limetoka Japani, omba karatasi yake ya mnada; herufi R mara nyingi ni alama ya gari lililogongwa likatengenezwa. Feni na taa zipe betri yake mbali, usije ukaamka alfajiri gari haliwaki. Kabla ya kubadilisha viti kuwa kitanda, uliza ofisi ya leseni na ya bima. Na usitoe rubuni bila maandishi yanayosema lini itarudi.

La kwetu

Sasa lile ambalo hamkuuliza.

Wiki ile ile tuliyonunua gari, dukani palikuwa na shela karibu kwisha. Kitambaa chake kilikuwa na mstari wa nyuzi zilizochomoka, tuliuona tulipokuwa tumeshakikata. Tukaufunika kwa shanga. Shanga zikapendeza, wallahi, mtu asingejua. Na haikuwa mara ya kwanza kufanya hivyo. Tulikuwa tukiita ufundi.

Tulitazamana. Zile shanga zilikuwa kapeti letu.

Tukampigia simu biharusi, akaja na mama yake. Tukafumua shanga mbele yao, tukawaonesha. Tukawapa hiari: tupunguze bei, au tushone jengine. Yule mama alinyamaza kidogo, akasema, "Nipeni pesa yangu, mwanangu atashonewa pengine." Tukamrudishia yote pamoja na rubuni, kwa sababu tulijua inavyouma isiporudi. Wiki ile tulikula hasara ya kitambaa na ya kazi, na sijui ni wangapi aliowahadithia. Hajarudi.

Tangu hapo, kitambaa chenye aibu tunakionesha kabla ya mkasi. Wengine wanaondoka. Wanaobaki tunawavalisha kwenye gari lile, na mlango wa ubavuni bado unakwama. Tunamwambia kila biharusi mapema: usiogope, sukuma kwa bega.

Mwenyezi Mungu atupe riziki ya halali yenye baraka, awajaalie mabiharusi wetu nyumba zenye utulivu, na amlipe kheri kila muuzaji anayenyanyua kapeti mwenyewe. Aamin.