Korongo Haji wa Milima ya Nur

Waturuki wamempa korongo mweupe jina la heshima: hacı leylek, yaani korongo haji. Wazee wao waliamini kwamba akielekea kusini huwa anakwenda kuhiji. Sisi twajua kwamba wengi wao hufuata bonde la Nile, na baadhi hufika hata mbuga za Kenya kula nzige msimu wa kaskazi. Hata hivyo jina hilo limetupendeza, wala hatutalikosoa.

Marejeo yao tuliyaona mwezi wa Machi huko Belen, mkoani Hatay, ambapo njia hupenya katika Milima ya Nur, jina lisilohitaji mkalimani kwetu. Vilele vya mbali vingali na theluji. Korongo ni ndege mzito; hubebwa na hewa ya joto inayopanda kutoka nchi kavu, na juu ya bahari hewa hiyo ni haba. Kwa hiyo huizunguka Mediterania kupitia Sinai na Shamu, kisha makundi makubwa hubanana hapa. Walipanda wakizunguka polepole, mbawa wamezikunjua, nasi tukaikumbuka Suratul Mulk.

Nchi iliyo chini yao ina majeraha. Tetemeko la Februari 6, 2023, liliua zaidi ya watu 50,000 nchini Uturuki, na Hatay iliumia kuliko mikoa yote. Mwezi uliofuata korongo walipita juu ya mahema kama desturi yao. Mwenyeji wetu, mama aliyemzika dada yake, alisema mwaka ule hakutaka kuwatazama. Sasa huwahesabu kila asubuhi. Akifika mia, huanza upya.